Mpako wa Gitaa na Sauti Yake

Wasomaji wapendao muziki bila shaka wamepata kumwona kijana sokoni Keroka au Nyamira, gitaa kuukuu mkononi na mkebe wa vanishi ya milango kwapani. Nia yake ni kulipaka gitaa ling'ae kama jipya. Baada ya siku chache litang'aa kweli, lakini sauti yake itakuwa nzito na fupi. Yafaa basi tuulize ni mpako gani unaofaa.

Jambo hili Wagusii hawawezi kushindwa kulielewa, kwa kuwa wanayo obokano, ile ala yao kubwa yenye nyuzi nane. Uso wake ni ngozi, na uzi ukiguswa ngozi hiyo hutetemeka, ndipo sauti hutoka. Katika gitaa, kazi ya ngozi hufanywa na ubao wa mbele, ambao unene wake ni kama milimita 3 tu. Ubao huo ukivikwa mpako mnene, huwa kama mcheza ngoma aliyevaa koti la mvua.

Mipako iliyo mashuhuri ni ya namna tatu. Ya kwanza ni shelaki, itokanayo na utomvu wa wadudu wadogo wa India na Thailand. Huyeyushwa katika spiriti na kupakwa kwa kitambaa, tabaka nyembamba juu ya tabaka. Haizuii sauti, na fundi aweza kuitengeneza kwa urahisi. Ila huharibiwa upesi na jasho, joto na pombe.

Ya pili ni laka ya nitroselulosi, ambayo hutengenezwa kwa pamba na tindikali. Ilienea katika motokaa na magitaa ya Marekani tangu miaka ya 1920. Nayo pia ni nyembamba, na tabaka mpya huyeyukia katika ile ya zamani. Lakini hubadilika kuwa manjano, hupasuka kwa baridi ya ghafula, na mvuke wake hushika moto upesi. Haifai kabisa kupakwa karibu na jiko.

Ya tatu ni mipako ya plastiki, yaani poliesta na poliurethani, ambayo magitaa mengi ya bei nafuu huvikwa kiwandani. Haiogopi jasho wala mikwaruzo, lakini ikibanduka ni vigumu kuunga kiraka kisionekane. Ikipakwa nyembamba, sauti haidhuriki sana. Kwa hiyo unene ndio adui mkubwa kuliko aina.

Tena tusidhani kwamba mpako huzuia unyevu wote. Ndani ya gitaa kwa kawaida hamna mpako, na katika milima yetu mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Ubao hunywa unyevu, ukavimba. Ukiwekwa karibu na moto, hupasuka. Heri kulitia gitaa mfukoni au sandukuni, mbali na ukuta wenye maji na mbali na jiko.

Basi, mwenye gitaa kuukuu na asikimbilie mkebe. Kwanza alifute kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo. Kisha, mahali pasipoonekana, aguse kwa tone la spiriti: mpako ukilainika mara moja, yaelekea ni shelaki, nayo yaweza kutengenezwa. Usipolainika, amwulize fundi kabla ya kushika msasa. Mng'ao hupendeza macho, lakini gitaa hununuliwa kwa ajili ya masikio.