Je, Wajua? Faili Unalotaka Kulifuta Ndilo Lililobeba Data Yako

Tovuti inapogoma na kutangaza kwamba imeshindwa kuunganishwa na hifadhidata, msimamizi wa seva mwenye uzoefu hutazama diski kwanza, kwa sababu diski iliyojaa ni miongoni mwa vyanzo vya kawaida kabisa vya mgomo huo. Akitafuta folda iliyonenepa, katika seva inayoendesha hifadhidata ya PostgreSQL mara nyingi humkuta mshukiwa yuleyule: folda yenye mamia ya mafaili, kila moja lina megabaiti 16 kamili, na majina yake ni tarakimu na herufi ndefu zisizomwambia mtu kitu. Hakuna aliyeyaandika kwa mkono, hakuna anayeyafungua kuyasoma, na yakifutwa nafasi hurudi papo hapo. Ni rahisi kuyahukumu kuwa takataka. Hukumu hiyo imewaponza wengi, kwani mafaili hayo ni daftari la miamala, na daftari hilo ndilo sehemu ya hifadhidata inayostahili kuaminiwa kuliko zote, hata kuliko majedwali yenyewe. Linapovimba, huwa linaonyesha kwamba kuna jambo limekwama mahali pengine, na anayelifuta huondoa ushahidi na dawa kwa pamoja.

Ili kuona kwa nini, chukulia muamala wa kutuma shilingi 10,000 kutoka akaunti moja kwenda nyingine. Kwa mtumaji ni tendo moja, lakini kwa hifadhidata ni mabadiliko katika mistari miwili ya jedwali, na huenda mistari hiyo imekaa mbalimbali kwenye diski. Umeme ukikatika baada ya fedha kutolewa upande mmoja na kabla hazijaingizwa upande wa pili, hesabu imeharibika na hakuna ajuaye imeharibikia wapi. Wahandisi waliitatua shida hii kwa sharti moja: hakuna badiliko linaloruhusiwa kufika kwenye majedwali yaliyo diskini kabla maelezo yake hayajaandikwa kwenye daftari, na diski ikathibitisha kwamba imeyashika. Mwenye duka anayekopesha hufanya vivyo hivyo: huandika deni kabla mteja hajatoka mlangoni, na kazi ya kupanga hesabu huiacha hadi jioni. Baada ya maelezo kuandikwa, hifadhidata humjibu mtumaji kwamba muamala umekamilika, ingawa wakati huo jedwali lililo diskini bado linaonyesha salio la zamani. Salio jipya liko kwenye kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ile inayofutika umeme unapokatika, na kwenye daftari. Kwa dakika kadhaa, basi, jedwali lililo diskini limepitwa na wakati, na daftari peke yake ndilo lenye habari sahihi inayoweza kunusurika. Seva ikizimika ghafla na kuwashwa tena, jambo la kwanza inalofanya ni kulisoma daftari kuanzia mahali ambapo majedwali yalisawazishwa mara ya mwisho, na kuyarudia mabadiliko yote moja baada ya jingine.

Kuna sababu ya kasi pia. Diski ya kizamani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika huhitaji kama milisekunde 8 kumaliza mzunguko mmoja, na kila safari ya kichwa cha diski kwenda sehemu mpya huongeza kusubiri. Daftari huandikwa kwa mfululizo, mstari chini ya mstari, kwa hiyo kichwa hakihangaiki huku na kule, na miamala mingi inayofika kwa wakati mmoja inaweza kuthibitishwa kwa pamoja. Misingi ya fikra hii ilijengwa na watafiti kadhaa, akiwamo Jim Gray, aliyepewa Tuzo ya Turing ya mwaka 1998 kwa kazi yake juu ya hifadhidata na miamala. Mwaka 1992 C. Mohan na wenzake wa IBM walichapisha utaratibu unaoitwa ARIES, unaoeleza kwa undani jinsi ya kuifufua hifadhidata kutokana na daftari lake, na athari yake imeenea katika mifumo mingi ya leo. PostgreSQL yenyewe ilipata daftari la aina hii mwaka 2001, katika toleo la 7.1.

Daftari hilo hubeba zaidi ya orodha ya mabadiliko. PostgreSQL hupanga data katika kurasa za kilobaiti 8, ilhali diski huandika vipande vidogo zaidi, vya baiti 512 au 4,096. Umeme ukikatika katikati ya uandishi, ukurasa unaweza kubaki nusu mpya na nusu ya zamani, na ukurasa wa namna hiyo hautengenezeki kwa kuambiwa tu kilichobadilika. Kwa hiyo, kila baada ya usawazishaji, ukurasa unapoguswa kwa mara ya kwanza hunakiliwa mzima ndani ya daftari, ili ukichanika diskini upatikane mwingine wa kuuweka mahali pake. Sehemu kubwa ya unene unaowakera wasimamizi hutokana na nakala hizo. Ni bima inayolipiwa kwa nafasi ya diski, na kwa maoni yangu ni rahisi mno ukilinganisha na kinachokingwa.

Ushahidi kwamba watu hulidharau daftari hili umo ndani ya historia ya PostgreSQL yenyewe. Kwa miaka mingi folda yake iliitwa pg_xlog, jina lililofanana na la mafaili ya kawaida ya kumbukumbu za matukio, yale ambayo msimamizi yeyote huyafuta bila wasiwasi yakizeeka. Watu waliifuta. Seva zao zikakataa kuwaka, kwa sababu hazikupata mahali pa kuanzia ufufuaji. Mwaka 2017, katika toleo la 10, waundaji waliamua kuibadilisha jina na kuiita pg_wal, ingawa walijua kwamba programu na hati nyingi za watu zingelazimika kurekebishwa. Kipo chombo cha kuilazimisha hifadhidata iwake bila daftari lake, lakini maelezo rasmi yanakitaja kuwa cha mwisho kabisa, na yanamwagiza mtumiaji atoe data yote mara moja, ajenge hifadhidata mpya, kisha airudishe humo na kuikagua. Sababu ni kwamba hifadhidata iliyowashwa hivyo huweza kuonekana nzima huku ndani yake miamala imekatika nusu: salio limepungua kwa mmoja bila kuongezeka kwa mwingine, na faharisi zinaelekeza kwenye mistari isiyokuwapo. Tovuti inafunguka, wateja wanarudi, na kosa linaendelea kuzaa makosa.

Sasa, ikiwa daftari halifutwi kwa mkono, mbona linajaa? Kwa kawaida hifadhidata hujisafishia yenyewe: majedwali yakishasawazishwa, mafaili ya zamani hufutwa au hutumiwa upya. Likiendelea kukua bila kikomo, maana yake ni kwamba kuna anayesubiriwa. Huenda msimamizi aliagiza kila faili linakiliwe kwenye hifadhi ya mbali kabla ya kufutwa, na nenosiri la hifadhi hiyo limebadilishwa. Kila jaribio linashindwa, na seva, kwa utii, inaendelea kutunza kila faili. Huenda kulikuwa na seva ya pili iliyokuwa ikipokea nakala, ikaondolewa miezi iliyopita bila mtu kufuta nafasi iliyotengewa kwenye seva kuu, na seva kuu bado inamtunzia mafaili mgeni asiyerudi. Sababu hii ya pili imeangusha seva nyingi kiasi kwamba toleo la 13, la mwaka 2020, liliongeza mpangilio wa kuweka ukomo wa kinachotunzwa kwa ajili ya seva ya namna hiyo. Kwa watumiaji wa MySQL hali inatofautiana kidogo. Daftari lake la ufufuaji lina ukubwa uliopangwa, lakini lipo la pili, linalotumika kulisha seva za nakala, na tangu toleo la 8.0 hilo huwashwa lenyewe na kutunza kumbukumbu za siku 30. Mwenye seva ndogo ya gigabaiti 20 aliyepandisha toleo bila kusoma mabadiliko hushangaa diski ikijaa huku tovuti yake haijakua. Kwake dawa ni kufupisha siku hizo na kutumia amri ya MySQL yenyewe ya kuondoa ya zamani, ambayo husasisha pia orodha ya mafaili. Akiyafuta kwa mkono, orodha na folda hazitalingana tena.

Atakuwapo wa kupinga: biashara imesimama, kila dakika ina gharama, na haya ni mafundisho ya watu wenye nafasi ya kusubiri. Pingamizi hilo lina uzito, kwa sababu daftari likikosa nafasi hata ya kuandika mstari mmoja, PostgreSQL hujizima, na wakati mwingine hushindwa kuwaka kwa kukosa nafasi hiyohiyo. Lakini haraka haihitaji kufuta daftari. Kwenye Linux, mfumo wa mafaili wa ext4 kwa kawaida humtengea msimamizi mkuu asilimia 5 ya diski, sehemu ambayo hifadhidata haiwezi kuigusa. Kupunguza kiwango hicho huachia gigabaiti kadhaa bila kufuta chochote. Seva nyingi za kukodi huongezewa diski ndani ya dakika chache. Nakala rudufu za zamani zilizolundikana kwenye diski ileile zinaweza kuhamishwa. Wapo pia wasimamizi wanaoweka mapema faili la gigabaiti moja au mbili lisilo na kazi nyingine isipokuwa kufutwa siku ya dharura. Baada ya hapo seva inawaka, anayesubiriwa anatafutwa, na daftari hujipunguza lenyewe.

Tukio la kampuni ya GitLab la tarehe 31 Januari 2017 linaonyesha jinsi upungufu katika daftari unavyoweza kuzaa msiba, na kampuni hiyo ilieleza kila kitu hadharani, jambo linalostahili heshima. Siku hiyo mzigo uliongezeka ghafla, na seva ya pili ikachelewa kupokea mabadiliko. Ilipojaribu kuendelea, ikakuta kwamba mafaili ya daftari iliyoyahitaji yalikwisha kuondolewa kwenye seva kuu, na hayakuwa yakihifadhiwa pengine. Ikabidi seva ya pili ijengwe upya kutoka mwanzo. Mhandisi aliyekuwa akihangaika nayo usiku, baada ya majaribio kadhaa kukwama, aliamua kufuta folda ya data ya seva hiyo ya pili. Amri aliyoiandika ilitekelezwa kwenye seva kuu. Alitambua baada ya sekunde moja au mbili na kuisimamisha. Kati ya gigabaiti kama 300, zilibaki takriban 4.5. Hapo ndipo nakala rudufu zilipotafutwa. Zile za kila siku hazikuwapo, kwa sababu chombo cha kuzitengeneza kilikuwa cha toleo la 9.2 huku hifadhidata ikiwa ya 9.6, na barua pepe za kutahadharisha zilikuwa zikikataliwa njiani. Nakala za picha za diski hazikuwa zimewashwa kwa seva za hifadhidata. Kilichowaokoa ni nakala moja iliyochukuliwa kwa mkono kama saa sita kabla, kwa sababu nyingine kabisa. Data ya takriban saa sita hizo haikupatikana tena. Kama mafaili ya daftari yangekuwa yakinakiliwa kwenye hifadhi ya mbali, seva ya pili ingeyachukua huko na kuendelea, pasingekuwa na haja ya kufuta folda yoyote. Na hata baada ya kosa, nakala ile ya mkono pamoja na daftari lililofuata ingeirudisha hifadhidata hadi dakika chache kabla ya amri. Uwezo huo wa kurejea hadi wakati unaotakiwa ulikuwamo katika PostgreSQL tangu toleo la 8.0, la mwaka 2005.

Pingamizi jingine hutoka kwa wapenda kasi. Husema kwamba diski za kisasa ni imara, umeme wa vituo vya data haukatiki, kwa hiyo ile hatua ya kusubiri diski ithibitishe maandishi inaweza kuzimwa ili tovuti iende mbio. Kinachosahaulika ni kwamba programu ya hifadhidata haiioni diski moja kwa moja. Huuliza mfumo endeshi, na kuamini jibu. Mwaka 2018 watunzaji wa PostgreSQL waligundua kwamba jibu hilo halikuwa la kutegemewa kama walivyodhani. Kwenye Linux, uandishi ukishindwa, kosa liliweza kutajwa mara moja tu, na hifadhidata ilipouliza mara ya pili ilijibiwa kwamba mambo ni shwari, ilhali kurasa hazikufika diskini. Marekebisho yaliyotolewa mwanzoni mwa 2019 ni ya kushangaza kwa ukali wake: hifadhidata ikipata kosa la namna hiyo, hujizima mara moja, kisha huwaka na kurudia mabadiliko kutoka kwenye daftari. Waundaji waliona afadhali tovuti isimame kwa muda kuliko kuendelea na majedwali yanayotiliwa shaka. Anayezima uthibitisho huo kwa ajili ya kasi amejiondolea kitu ambacho waundaji wenyewe hukikimbilia wanapokosa imani na kila kilichobaki. Njia ya kati ipo: PostgreSQL huruhusu muamala ujibiwe kabla daftari halijafika diskini, na seva ikianguka hupotea miamala michache ya mwisho huku iliyobaki ikiwa sahihi. Kwa hesabu ya waliotembelea ukurasa, hiyo inatosha. Kwa fedha za watu, haitoshi.

Wengine watasema kwamba haya yote sasa ni kazi ya mtoa huduma wa wingu, na mteja hana haja ya kuyajua. Ni kweli kwamba mtoa huduma hunakili daftari, huliweka mbali, na hutoa kitufe cha kurudi nyuma hadi dakika fulani. Lakini seva ya pili iliyosahaulika hushikilia daftari kwenye wingu kama inavyolishikilia kwenye chumba cha ofisi, na diski ya kukodi nayo hujaa. Tofauti ni kwamba huko mteja hawezi kuingia ndani ya folda na kufuta kitu. Hulazimika kuiuliza hifadhidata yenyewe, kwa maswali yake ya ndani, ni nani anayesubiriwa na tangu lini, na faili gani la mwisho lilishindwa kunakiliwa. Maswali hayo yanapatikana vilevile kwenye seva ya mtu binafsi, na huchukua sekunde chache kujibiwa.