Uyoga wa Mamama

Ewe mkulima wa Nachingwea au Ruangwa, usiyachome mabua ya mahindi baada ya mavuno; hayo ndiyo shamba la uyoga wa mamama. Nyama yake ni laini, na ukikaangwa kwa kitunguu hupendeza sana kwa ugali.

Katakata mabua makavu, uyachemshe muda wa saa moja, uyachuje, uyaache yapoe kabisa, kwa maana joto huua mbegu. Pakia katika mfuko wa nailoni kwa tabaka, mabua kisha mbegu. Weka gizani majuma matatu hivi, hata mabua yawe meupe. Ndipo utoboe mfuko, ulete mwanga na hewa, na kunyunyiza maji kila siku.

Uyoga wa porini hungoja mvua, na mwingine huua walaji. Huu waijua mbegu yake.