Moto ukizimika Shimba, mvua ya robo saa ndiyo ya kuchungwa

MSITU na mbuga za Milima ya Shimba, Kaunti ya Kwale, hukauka kati ya Januari na Machi, wakati wa kaskazi. Moto ukizuka, hasara huhesabiwa kwa miti na malisho ya palahala, mnyama asiyepatikana kwingineko nchini. Ni nadra kuulizwa mteremko ulioungua utafanya nini masika yakiingia.

Ardhi yenye majani makavu hunywa maji polepole. Moto mkali huliondoa tandiko hilo na kuua mizizi. Aidha, mvuke wa nta na mafuta ya majani huzama udongoni na kuganda, hasa penye mchanga, ambao ni mwingi Shimba. Maji hayapenyi tena. Huteremka yakizoa majivu, mawe na magogo hadi kuwa uji mzito uwezao kubeba gari.

Ndivyo ilivyokuwa Montecito, California, Januari 9, 2018, wiki chache baada ya moto mkubwa. Mvua ya milimita zipatazo 13 ilinyesha kwa dakika 5 na watu 23 wakafariki.

Wanajiolojia wa serikali ya Marekani hukadiria hatari hiyo kwa kutazama miteremko inayozidi nyuzi 23, ukali wa moto unaosomwa katika picha za setilaiti, aina ya udongo, na mvua ya dakika 15. Hilo la mwisho ndilo gumu kwetu. Tahadhari za Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa kwa kawaida hutaja mvua inayozidi milimita 20 kwa saa 24. Kiasi hicho kikienea kutwa, si kitu. Kikimwagika kwa robo saa juu ya majivu, ni balaa.

Hata hivyo, Shimba si California. Sehemu kubwa ya juu si ya mwinuko mkali, na moto wa nyasi hupita upesi bila kuunguza udongo sana. Penye shaka ni kingo za mabonde yenye miti. Kule chini, Diani na Msambweni ni tambarare. Huko litakalofika ni tope jepesi kupitia mito ya Mwachema na Ramisi hadi baharini.

Viwango vya Marekani navyo vilitokana na milima yao. Kwale itahitaji vipimamvua vyake vinavyorekodi kila dakika, viwekwe mlimani kabla ya mvua za kwanza baada ya moto, kwani hizo ndizo za hatari zaidi.