Vifaa vya upasuaji wa roboti: Kwa nini vingi hutumika mara chache tu?

MGONJWA wa Rungwa, kusini-magharibi mwa Mkoa wa Singida, anapohitaji upasuaji mkubwa hulazimika kusafiri kupitia maeneo ya pori hadi Itigi, iliko Hospitali ya Mtakatifu Gaspar, au kuendelea hadi Singida mjini na Dodoma. Ndugu humsindikiza, na kila siku ya kulala wodini huongeza gharama ya chakula na malazi, huku shughuli za shamba zikisimama.

Ndiyo maana upasuaji wa matundu madogo, unaoacha kidonda kidogo na kumwezesha mgonjwa kutoka hospitali mapema, una thamani kubwa kwa watu wa mbali. Upasuaji wa roboti ni hatua ya mbele ya njia hiyo. Hata hivyo, gharama yake haiishii kwenye ununuzi wa mashine. Vifaa vinavyoingia mwilini navyo hula fedha kila mgonjwa anapopasuliwa.

Roboti haipasui peke yake. Daktari huketi pembeni akitazama picha na kuongoza mikono ya mashine, ambayo hushika mikasi, koleo na vishikio vya sindano. Ncha za vifaa hivyo hupinda kama kiganja cha binadamu, zikivutwa na nyaya nyembamba zinazopita ndani ya bomba na kuzunguka kwenye kapi ndogo.

Katika roboti ya da Vinci, iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 2000, vifaa vingi viliwekewa kikomo cha kutumika mara 10. Kumbukumbu ya kielektroniki ndani ya kifaa huhesabu, na kikomo kikifika mashine hukikataa. Mwaka 2020 kampuni inayoitengeneza ilitangaza kuongeza kikomo cha baadhi ya vifaa hadi kati ya mara 12 na 18.

Hesabu ya mfano huonyesha uzito wa jambo hilo. Kifaa cha Sh milioni 4 kikitumika mara 10, kila mgonjwa hubeba Sh 400,000. Kikitumika mara 100, mzigo hushuka hadi Sh 40,000, kabla ya gharama za kukisafisha na kukitengeneza.

Lakini kuongeza idadi kwa amri tu ni hatari. Nyaya huchakaa na kukatika, makali huwa butu, na damu inaweza kuganda ndani ya bomba mahali ambapo brashi haifiki. Mvuke wa nyuzi joto 121 au 134 unaotumika kuua vijidudu hautegemewi pale uchafu unapobaki. Kifaa kisichosafishika huweza kumhamishia mgonjwa mmoja maradhi ya mwingine.

Kwa hiyo, uimara huanzia kwenye meza ya mbunifu. Kifaa cha kudumu kinapaswa kufunguka ili kila sehemu ioshwe, kuwa na ncha inayobadilishwa bila kutupa kifaa kizima, na kutenganisha mota na sehemu zinazogusa damu. Aidha, kinahitaji chuma kisichoshika kutu na vipuri ambavyo fundi wa hospitali anaweza kuvifunga.

Afrika Mashariki ina mfano wa karibu, ingawa si wa roboti. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, wakishirikiana na wenzao wa Uganda, walibuni KeyScope, kamera ya kutazamia ndani ya tumbo. Kamera na taa zake zimewekwa kwenye ncha, huunganishwa na kompyuta ya kawaida, na imezibwa ili iweze kulowekwa kwenye dawa ya kuua vijidudu. Wabunifu walianza na mazingira ya hospitali, kisha wakatengeneza kifaa.

Funzo hilo ni muhimu kwa kuwa utafiti wa Perry na Malkin, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kuwa asilimia 38.3 ya vifaa tiba katika nchi 16 zenye uwezo mdogo vilikuwa havifanyi kazi. Mafundi, mafunzo na vipuri ni sehemu ya tatizo hilo.

Hospitali inayofikiria kununua roboti inapaswa kuuliza, kabla ya bei ya mashine, kifaa kitatumika mara ngapi, kitaoshwa vipi na nani atakitengeneza. Majibu hayo ndiyo yatakayoamua iwapo huduma hiyo itamfikia mgonjwa wa Rungwa au itabaki kwa wachache wenye uwezo.