Kutoka Ngoswe hadi Kamera: Kusomea Maigizo na Filamu Chuo Kikuu

Sanaa za maonyesho zilianza kufundishwa katika chuo kikuu nchini Tanzania mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, idara yake ilipofunguliwa Mlimani, Dar es Salaam. Filamu ilichelewa kupata nafasi darasani. Leo idara hiyohiyo, ambayo imebadili jina zaidi ya mara moja na sasa huitwa Idara ya Sanaa Bunifu, ina shahada ya sanaa za maonyesho na nyingine ya filamu na televisheni. Chuo Kikuu cha Dodoma nacho hufundisha fani hizo. Mkoani Katavi, ambako vijana wake ndio wanaolengwa na makala haya, hazifundishwi. Kampasi ya Mizengo Pinda ya Chuo Kikuu cha Sokoine, iliyoko upande wa Mpimbwe, inashughulika na kilimo na nyuki.

Hata hivyo, mwanafunzi wa sekondari mjini Mpanda, mkoani humo, huwa amekwisha kukutana na idara ile ya Mlimani kabla ya kujua kwamba ipo. Tamthilia ya Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, ambayo vizazi kadhaa vya wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne wameisoma kwa ajili ya mtihani wa Kiswahili, iliandikwa na Edwin Semzaba, aliyekuwa mwalimu katika idara hiyo. Karani wa sensa anafika kijijini, anaisahau serikali na kumkumbuka Mazoea, binti wa Mzee Mitomingi, na mwisho makaratasi ya hesabu ya watu yanateketea kwa moto wa baba mtu mwenye hasira. Sensa ya kweli ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 564,604 katika mkoa wa Katavi, ambao ulikuwa umezaliwa mwaka huohuo kwa kumegwa kutoka Rukwa, na ile ya 2022 ikawapata 1,152,958. Makarani wa Katavi, inaelekea, walifanya kazi yao.

Tofauti ya shule na chuo kikuu inaonekana vizuri katika mchezo huu mmoja. Kidato cha tatu huulizwa dhamira, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha. Chuo kikuu swali hugeuka kuwa la ufundi. Makaratasi yataunguaje jukwaani kila siku ya onyesho bila kuunguza ukumbi? Mzee Mitomingi asimame wapi ili hadhira yote ione mikono yake? Mazoea avae nini, na maleba hayo yaseme nini kumhusu kabla hajafungua kinywa? Mwanafunzi anaweza kuzijua dhamira zote za Ngoswe akashindwa kumwingiza karani jukwaani kwa namna ya kuaminika. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mafunzo hufanyika kwa mwili na sauti: kupumua, kutamka, kutembea kama mtu mwingine, kukaa kimya bila kupotea machoni pa watazamaji. Pembeni mwa uigizaji kuna uongozaji, uandishi wa tamthilia, ujenzi wa jukwaa, taa, sauti, na usimamizi wa maonyesho, yaani fedha, ratiba na watu. Huo wa mwisho hauna sifa mitaani, lakini vikundi vingi vya sanaa hufa kwa kuukosa.

Nadharia na historia hazikwepeki. Mwanafunzi husoma Aristotle na maelezo yake ya tanzia, Stanislavski na mbinu yake ya kumjenga mhusika kutoka ndani, na Brecht, aliyetaka mtazamaji afikiri badala ya kuzama katika hisia. Husoma pia jinsi tamthilia ya kizungu ilivyoingia Afrika Mashariki kupitia shule za kikoloni, na jinsi Julius Nyerere alivyoitumia kuonyesha uwezo wa Kiswahili alipotafsiri Julius Caesar na The Merchant of Venice za Shakespeare miaka ya 1960.

Mjadala wenye uhai zaidi, hata hivyo, ni ule wa swali linaloonekana rahisi: maigizo ni nini? Kipimo kikiwa ukumbi, pazia na muswada uliochapwa, basi jamii nyingi za Afrika hazikuwa nayo. Penina Muhando, ambaye baadaye aliandika kwa jina la Penina Mlama, alilijibu swali hilo katika utafiti wake wa uzamivu wa mwaka 1983 kuhusu sanaa za maonyesho za Wakaguru, akazitazama kama chombo cha jamii cha kufundishia. Katika mtazamo huo jando, unyago, ngoma, utani na masimulizi ya jioni ni maonyesho yenye waigizaji, hadhira, mahali na wakati wake. Kwa kijana wa Katavi hili si jambo la kinadharia tu. Mkoa una Wabende, Wapimbwe, Wakonongo na Wafipa, na umepokea Wasukuma wengi waliohama na mifugo yao, ambao mashindano ya ngoma ya Wagika na Wagalu ni sehemu ya urithi wao. Aliyekulia kando ya uwanja wa ngoma ameona tayari namna kundi moja linavyoivuta hadhira ya kundi jingine, na akifika chuoni atajifunza majina ya kitaaluma ya alichokiona.

Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, ndiyo kazi inayotajwa zaidi kutoka miaka ya mwanzo ya idara. Hussein, mzaliwa wa Kilwa, alichukua historia ya vita vya Maji Maji na mganga wa Ngarambe, akamfanya mtu anayeona neno lake likimtoka mikononi na kuwa mali ya watu. Mchezo haukufuata historia hatua kwa hatua, na mwandishi hakukusudia hivyo. Hapo ndipo somo la uandishi lilipo: kutafiti tukio hadi kulijua, halafu kuthubutu kuchagua.

Katavi imejaa matukio yanayongoja uchaguzi wa namna hiyo. Reli ya kutoka Kaliua ilifika Mpanda mwaka 1950 kwa sababu ya madini ya risasi. Mgodi ukafungwa miaka kumi hivi baadaye, reli ikabaki na mji uliolazimika kutafuta sababu nyingine ya kuwepo. Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, ilikuwa kituo cha Wabelgiji kabla ya kukabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika mwaka 1885, na huko ndiko alikofanya kazi Adrien Atiman: mtoto aliyetekwa utumwani karibu na Timbuktu, akakombolewa, akasomeshwa uganga wa kizungu Malta, akafika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880 na kutibu watu hadi alipofariki mwaka 1956. Katumba na Mishamo ziliwapokea wakimbizi wa Burundi miaka ya 1970, na wengi wao na watoto wao wakawa raia wa Tanzania takriban miongo minne baadaye. Uko pia mkwaju wa karibu na Ziwa Katavi, mahali pa mzimu wa Katabi aliyeupa mkoa na hifadhi jina, ambako watu huacha sadaka. Kila moja kati ya hadithi hizi inatosha mradi wa mwaka wa mwisho wa mwanafunzi makini.

Upande wa filamu una historia yake, na imeanzia Tanganyika mapema kuliko wengi wanavyodhani. Kati ya 1935 na 1937 mradi wa Waingereza uliokuwa na makao Vugiri, milima ya Usambara, ulitengeneza filamu fupi 35 za kuelimisha Waafrika kuhusu kilimo, afya na fedha, zikazungushwa kwa lori na kuonyeshwa hadharani. Baada ya uhuru, Shirika la Filamu Tanzania liliundwa mwaka 1968. Miaka ya 2000 ikaja Bongo Movie, kwa kamera ndogo na kompyuta, bila kungoja shirika wala chuo. Waigizaji wengi wa mwanzo walitoka katika vikundi vya maigizo ya televisheni, Kaole kikiwa maarufu kuliko vyote. Steven Kanumba alipitia humo. Asili hiyo inaonekana katika filamu zenyewe: kamera imewekwa mbele ya watu wanaozungumza kwa muda mrefu sebuleni, kana kwamba ni jukwaa. Lawama haiwaangukii waigizaji. Walifanya walichokijua, na walikifanya vizuri kiasi cha kuiteka hadhira hadi Kongo.

Shahada ya filamu hufundisha kile ambacho njia hiyo iliruka. Jukwaani mwigizaji hupaza sauti imfikie aliyekaa safu ya nyuma. Mbele ya kamera kupepesa jicho kunatosha, na ishara ya jukwaani huonekana kama kichekesho. Mchezo wa jukwaani hutiririka kutoka mwanzo hadi mwisho, ilhali filamu hurekodiwa vipandevipande bila mpangilio wa hadithi: mazishi asubuhi, arusi mchana, kwa sababu gari la vifaa liko hapo siku hiyo moja. Lazima awepo mtu wa kukumbuka kwamba kitufe cha shati kilikuwa wazi katika kipande cha juzi. Maana yenyewe huzaliwa katika uhariri. Uso wa mama uleule, ukifuatwa na picha ya barua, unasema jambo moja. Ukifuatwa na picha ya kisima kikavu, unasema jingine. Mwanafunzi hujifunza pia sheria ya kazi hiyo, kwani Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka kibali kabla ya kurekodi, na Hifadhi ya Taifa ya Katavi ina taratibu zake. Anayetaka kuonyesha viboko waliosongamana katika madimbwi ya Mto Katuma hana budi kupanga kazi yake kiangazi, na kuwa na vibali mkononi kabla mvua hazijarudi.

Kati ya yote yaliyofanywa na idara ya Mlimani, lililoufaa zaidi mkoa wa aina ya Katavi halikufanyika ukumbini. Mwaka 1982 na 1983 wahadhiri wake, wakiwamo Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walikwenda kijiji cha Malya, Kwimba, wakaishi na wanakijiji, wakauliza nini kinawasumbua, kisha wakawaachia wenyewe watengeneze maonyesho kwa ngoma na maigizo yao. Miongoni mwa yaliyojitokeza ni mimba za wasichana. Baada ya onyesho palifuata majadiliano, na majadiliano ndiyo yaliyokuwa shabaha. Kazi hii huitwa sanaa za maonyesho kwa maendeleo, na ina miiko yake. Msanii haji na jibu mfukoni. Wenye tatizo ndio waigizaji. Onyesho lisilofuatiwa na mazungumzo ni burudani, hata likiwa na ujumbe mzito. Vikundi vingi vinavyolipwa na miradi kuigiza kampeni huvunja miiko yote mitatu kwa siku moja.

Kutokana na mizizi hiyo ulizaliwa mwaka 1996 mradi wa Tuseme, uliowapa wasichana wa sekondari maigizo kama njia ya kusema yanayowazuia kusoma, na klabu zake zikaenea katika shule nyingi nchini. Uzito wake kwa Katavi unaonekana katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16: asilimia 45 ya wasichana wa Katavi wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au wana mimba, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 27. Bango la kampeni haliwezi kuuliza swali likajibiwa. Mchezo ulioundwa na wasichana wenyewe unaweza, wazazi wakiwa wamekaa mbele.

Kuhusu kuingia chuoni, kima cha chini cha kitaifa kwa aliyemaliza kidato cha sita ni ufaulu kamili wa masomo mawili wenye jumla ya pointi zisizopungua 4, yaani D mbili zinatosha, ingawa chuo kinaweza kuongeza masharti yake. Shahada huchukua miaka mitatu. Aliyeishia kidato cha nne ana njia ya Bagamoyo: Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, leo Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, hutoa cheti na stashahada, na stashahada nzuri hufungua mlango wa shahada. Wapo wanaoona Bagamoyo ni njia ya waliofeli. Si kweli: kwa mtu anayetaka kuwa mchezaji ngoma, mpigaji au mwigizaji kwanza, na mwandishi wa tasnifu baadaye, huko ndiko mahali pa kuanzia.

Ajira haina mstari ulionyooka. Wahitimu hufundisha, huingia redio na televisheni, huandika na kuhariri, husimamia utamaduni katika halmashauri, au hujiajiri. Mchezo wa redio hausahauliki hapa: Twende na Wakati, ulioanza kurushwa na Redio Tanzania mwaka 1993, ulizungumzia uzazi wa mpango na UKIMWI kupitia wahusika ambao wasikilizaji waliwafuatilia kama majirani. Redio hufika vijijini ambako kumbi hazipo, na mtu mwenye kipaza sauti, waigizaji wanne na muswada mzuri anaweza kuanza.

Udahili hufunguliwa kila mwaka baada ya matokeo ya kidato cha sita kutoka, kwa kawaida mwezi Julai. Masharti ya mwaka husika huwa katika mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu, na mwombaji wa Mpanda ausome huo kwanza, kabla ya kuamini tangazo lolote la mtaani.