Kijana anataka kuishi ndani ya vani London: tulichokiona mimi na mpwa wangu

LONDON – Dada yangu alinipigia simu kutoka Maskati siku ya Ijumaa baada ya sala, na hata salamu hakunipa. "Kaka, mtoto anataka kwenda kukaa ndani ya gari. Mwambie." Basi, ndiyo simu yenyewe.

Mtoto anayemsema ana miaka 27. Ni mpwa wangu, anafanya kazi ya kompyuta hapa London, na analipa pauni 950 kwa mwezi kwa chumba kimoja katika nyumba ambayo choo wanachangia watu watano. Wasomaji wenye watoto huku wanajua kwamba hiyo si bei ya kushangaza. Nyumba nzima ya kupanga London, kwa wastani, imepita pauni 2,000 kwa mwezi.

Lakini mama yake hakuwa akiwaza kodi. Alikuwa akiwaza watu. "Kasomeshwa Uingereza, leo analala kwenye gari. Nitawaambia nini?" Namwelewa. Kwetu Omani kulala nje ni starehe, watu hupakia mahema na majiko wakaenda mchangani Sharqiya wakati wa baridi, au Salalah wakati wa khareef, na hakuna anayeona aibu. Ila Jumamosi wanarudi nyumbani.

Nikaenda kwa kijana na maneno yangu tayari mdomoni. Hakubishana nami. Alinifungulia daftari. Mie nimesoma sekondari ya wamisionari, na mwalimu wetu wa hesabu alikuwa hakupi alama hata jibu likiwa sawa kama hukuonyesha njia. Huyu kijana alikuwa ameonyesha njia. Pauni 950 mara 12 ni 11,400 kwa mwaka, kwa miaka miwili 22,800. Ana posa inayongoja, wazee wa upande wa pili wameshasema watangoja, na anataka kuingia kwenye ndoa akiwa na malipo ya mwanzo ya nyumba badala ya deni. Miaka miwili tu, Mjomba, alinambia, kisha naiuza vani.

Nikamwambia vizuri, lakini kwenye daftari hili hukuandika italala wapi.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanaanza na picha za mtandaoni, taa za manjano na mto mweupe, na pembeni kuna bahari. London haina bahari hiyo. Ina mistari ya njano barabarani na vibali vya maegesho vya wakaazi, na kila halmashauri ina sheria zake. Kuna viwanja vya magari ya kambi ndani ya mji, kimoja kiko Abbey Wood, na tangu Mei 2022 treni ya Elizabeth inaanzia hapo hapo Abbey Wood mpaka katikati ya mji. Raha kwa mgeni. Lakini viwanja kama hivyo ni vya likizo, unalipa kwa usiku, na si mahali pa kuhamia ukakaa miaka miwili. Hata wanaoishi kwenye mashua za mifereji, ambao London wapo wengi, wakiwa hawana gati lao la kudumu hawaruhusiwi kukaa sehemu moja zaidi ya siku 14.

Nikamsimulia habari ya bibi mmoja wa Camden, maana vijana wanadhani mambo haya yameanza na simu za mkononi. Aliitwa Miss Shepherd. Alikuwa akiishi ndani ya vani mtaani Gloucester Crescent, mbele ya nyumba ya mwandishi Alan Bennett. Halmashauri ilipobana maegesho ya barabarani, Bennett akamwonea huruma akamwambia aiingize vani uwanjani kwake kwa muda. Ule muda ukawa miaka 15, kuanzia 1974 mpaka bibi yule alipofariki 1989. Bennett akaandika kitabu, na mwaka 2015 ikatoka filamu, Maggie Smith akiwa ndiye bibi. Watu huicheka filamu ile. Mie nilipoitazama nilikuwa nawaza choo, maji, na mguu wa mtu mzima usiku wa Januari.

Mpwa wangu akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akatazama dirishani kwangu, kwenye uwanja wangu wa gari. Hakusema kitu. Nami nikajifanya sikuona.

Tukaenda kutazama vani tatu.

Ya kwanza ilikuwa Volkswagen Transporter, nzuri, inang'aa, na bei yake inang'aa zaidi. Nikamwambia, ingia usimame. Akasimama ameinama kama aliye kwenye rukuu. Nikamuuliza utasali vipi humu? Utavaa suruali vipi asubuhi? Muuzaji akasema paa linanyanyuka, na kweli linanyanyuka, lakini pembeni ni turubai. Kwa wiki mbili za Agosti ni sawa. Kwa Februari turubai ni sawa na kulala uani, na paa likishanyanyuliwa kila apitaye barabarani anajua ndani kuna mtu. Gari la likizo na gari la kuishi ni vitu viwili mbalimbali, na kipimo changu cha kwanza kikawa hicho: mtu asimame wima.

Ya pili ilikuwa kubwa, ya kizamani, ina meza, jiko na choo chenye mlango wake. Bei rahisi. Nikauliza uzito, nikaambiwa inaruhusiwa mpaka tani 3.85. Hapo hapo tukatoka. Leseni ya kawaida ya waliofaulu mtihani tangu 1 Januari 1997 ni ya gari lisilozidi tani 3.5, na yeye mwaka huo alikuwa hajazaliwa. Mie mzee wake naruhusiwa kuliendesha, yeye haruhusiwi. Tena lilikuwa la dizeli ya zamani. Gari la kambi linalozidi tani 3.5 na injini yake haijafika kiwango cha Euro 6 hulipa pauni 100 au zaidi kwa kila siku linapotembea London. Ukiona gari la aina hii linauzwa rahisi hapa mjini, ujue mwenyewe analikimbia.

Na hata dogo lina yake. Tangu 29 Agosti 2023 eneo la ULEZ limeenea London nzima. Vani ya dizeli isiyofika Euro 6, yaani kwa kawaida iliyosajiliwa kabla ya Septemba 2016, hulipa pauni 12.50 kila siku inayotembea. Ya petroli inatosha Euro 4. Ikiwa imesimama tu hailipi, lakini ukitembea nayo kila siku hesabu ni zaidi ya pauni 4,000 kwa mwaka, na daftari lote limeharibika. Kabla ya kutoka nyumbani tia namba ya gari kwenye tovuti ya usafiri wa London, itakujibu dakika ile ile. Tia namba hiyo hiyo kwenye tovuti ya serikali ya ukaguzi wa MOT, ni bure, uone gari lilianguka wapi na maili zake zimepandaje mwaka hadi mwaka. Sisi tuliiacha vani moja bila hata kwenda kuiona, maana kila mwaka mkaguzi aliandika neno hilo hilo: kutu. Barabara za huku zinamwagwa chumvi wakati wa barafu, na chumvi inalila gari kutokea chini, mahali ambapo picha ya mtandaoni haifiki.

Ya tatu ilikuwa Fiat Ducato ya 2017, dizeli, Euro 6, iliyogeuzwa nyumba na seremala mmoja. Ducato utaiona kila kiwanja cha kambi Ulaya, na sababu mojawapo ni kwamba kuta zake zimesimama wima, hazikulala sana kwa ndani. Upana wake wa ndani ni kama sentimita 187. Ukishaweka sufi na mbao zinabaki kama 180, na mpwa wangu ana urefu wa 175. Analala kwa kukingama, na gari lote linalobaki ni sebule. Akasimama, kichwa hakikugusa. Akaswali rakaa mbili mle mle, nami nimesimama nje nimeshika mwavuli.

Nilipenda ile vani, lakini nikataka ikapimwe kwenye mizani. Muuzaji hakufurahi. Mizani ikatoa kilo 3,140, haina maji, haina nguo, haina mtu, na mwisho wake kisheria ni 3,500. Zimebaki 360. Toa kijana, kilo 80. Toa maji lita 70, ambayo ni kilo 70. Zinabaki 210 za godoro, vyombo, nguo za baridi, baiskeli, vitabu, mchele wa mama yake. Inatosha, lakini haina nafasi ya mke, na hilo nilimwambia waziwazi. Akacheka. Seremala alikuwa ametumia mbao nzito mno kwenye makabati. Uzuri wa kabati unaulipia kwa kilo.

Umeme tulibishana sana. Kijana alivutiwa na sola za juu ya paa. Za Omani, sawa. London tarehe 21 Disemba mchana haufiki saa nane, na jua lenyewe liko nyuma ya mawingu. Nikamwambia uliza kama betri ya nyumba inachajiwa na injini gari likitembea, na kama kuna waya wa kuchomeka kwenye umeme wa nje. Vyote vilikuwapo. Hita inatumia dizeli ya tangi lile lile la gari. Kengele ya hewa ya sumu, ile kaboni monoksaidi isiyo na harufu, haikuwapo, tukainunua jioni ile ile kabla hata ya kulipia gari. Na tundu la hewa darini usilizibe kwa sababu ya baridi. Pumzi ya mtu mmoja usiku kucha inatosha kulowanisha madirisha na godoro, ukungu ukaingia, na ukishaingia hautoki.

Karatasi nazo zina mitego. Bima ya gari la kambi mara nyingi ni ya likizo, na wengi hawataki mtu anayeishi humo mwaka mzima. Usiwafiche. Ukificha, siku ya ajali umelipa bure. Anwani unaihitaji kwa leseni, bima na benki. Daktari ni rahisi zaidi: kujiandikisha na daktari wa NHS hakutaki ushahidi wa anwani, hata wakikukazia macho pale dirishani.

Sasa anwani ni ya nani? Mnajua wenyewe. Nilipima uwanja wangu kwa futi ya fundi: mita 6 na sentimita 20. Ducato ile ni mita 6 kasoro kidogo. Nikaandika barua kwa halmashauri kuuliza, nikaongea na bima ya nyumba yangu, na nikamwambia kijana kwamba choo na bafu ni vya ndani kwangu, umeme atachangia, na tarehe ya kuondoka tunaiandika leo kwenye lile daftari. Miss Shepherd naye alikuja kwa muda tu. Akaandika, akatia sahihi, nami nikatia.

Geti halifungi vani ikiwa ndani, ikabidi niling'oe. Dada anakuja Julai. Juzi kanipigia tena, safari hii na salamu zote, akataka aonyeshwe kwa simu jiko liko wapi na kama lile dirisha dogo lina pazia. Kisha akauliza, "Na mie nikija nitalala wapi?" Mwanawe akamwonyesha kitanda. Akakitazama kitambo. Akasema atalala kwa Kaka, lakini chai ya asubuhi atakwenda kuinywa mle.