Kioo Kidogo Katika Chumba cha Mwanafunzi: Macho, Usingizi na Chandarua

Buswelu, yaliko makao makuu ya Halmashauri ya Manispaa ya Ilemela mkoani Mwanza, ni eneo lenye nyumba nyingi za kupangisha. Katika nyumba hizo, chumba kimoja cha mwanafunzi mara nyingi ndicho jiko, ndicho mahali pa kusomea na ndicho mahali pa kulala. Anayehamia huanza na godoro, chandarua, ndoo na meza. Baada ya hapo huja hamu ya televisheni: ya kutazamia taarifa ya habari, ya kuepukana na msongamano wa vibanda umiza siku za mechi, na ya kuchezea gemu na mwenzake wa chumba.

Dukani huulizwa mambo mawili, yaani bei na inchi. Yapo maswali mengine matatu ambayo muuzaji hana sababu ya kuyauliza, lakini ndiyo yatakayoamua afya ya mnunuzi. Macho yatakuwa umbali gani kutoka kwenye kioo? Kitazimwa saa ngapi? Na mtazamaji atakaa wapi usiku, ndani ya chandarua au nje yake?

Pima chumba kwanza

Kazi ya kwanza hufanywa nyumbani kwa futi kamba. Mnunuzi akae mahali atakapokaa kila siku, ambapo kwa wengi ni kitandani, mgongo ukiwa ukutani. Mwenzake apime kutoka machoni pake hadi mahali kioo kitakaposimama. Katika chumba cha mita 3 kwa 3, kitanda kikiwa upande mmoja na meza upande wa pili, umbali huo huwa karibu mita 2. Kama kioo kitakuwa juu ya meza ya kusomea na mchezaji atakaa kwenye kiti mbele yake, umbali hushuka hadi karibu mita 1. Vyumba hivyo viwili vinahitaji vioo viwili tofauti, hata kama kodi yake ni moja.

Inchi hupimwa kutoka pembe moja ya kioo hadi pembe ya pili iliyo mkabala. Kioo cha inchi 24 kina upana wa sentimita 53 hivi, na cha inchi 32 kina sentimita 71 hivi. Lakini inchi pekee hazitoshi. Picha hujengwa kwa nukta, na jicho lenye uoni wa kawaida hutenganisha nukta mbili pale zinapoachana kwa pembe ya dakika moja, yaani sehemu moja ya 60 ya nyuzi. Mtu akikaa karibu kuliko hapo huanza kuona vijiraba badala ya picha laini.

Kutokana na kanuni hiyo hupatikana vipimo vya kubebwa dukani. Televisheni ya inchi 32 yenye nukta 1366 kwa 768, ambayo ndiyo ya bei nafuu, hutazamwa vizuri kuanzia umbali wa mita 1.8. Yenye ukubwa huohuo lakini ikiwa na nukta 1920 kwa 1080 hutazamwa vizuri kuanzia mita 1.3. Kioo cha inchi 24 chenye nukta 1920 kwa 1080 hufaa kuanzia mita 1. Kwa hiyo, anayetazama kutoka kitandani achague inchi 32, na anayekaa mezani achague inchi 24 zenye nukta nyingi.

Kioo kidogo kupita kiasi nacho ni kosa. Gemu nyingi huandika alama na maelekezo kwa herufi ndogo. Mchezaji aliye mita 2 kutoka kwenye kioo cha inchi 24 hujikuta ameinama mbele, shingo imenyooka kama ya kobe, na baada ya saa mbili maumivu ya shingo na mabega humfikia.

Mambo ya kukagua dukani

Mwanza iliingia katika matangazo ya dijitali mwaka 2013, na tangu hapo televisheni hutegemea king'amuzi, kiwe cha ndani au cha pembeni. Anayetaka king'amuzi na mashine ya gemu kwa pamoja ahakikishe kuna matundu mawili ya HDMI. Kioo cha kompyuta huweza kuwa na picha nzuri, lakini vingi havina spika wala king'amuzi cha ndani. Kwa gemu, kitafutwe katika mipangilio kipengele cha hali ya mchezo, ambacho hupunguza muda kati ya kubonyeza padi na tendo kuonekana. Picha 60 kwa sekunde zinamtosha mchezaji wa kawaida.

Kwa kifaa kilichotumika, lisomwe bandiko la nyuma. Umeme wa Tanzania ni volti 230. Televisheni iliyotengenezwa kwa soko la Japani au Marekani yaweza kuandikwa volti 100 au 120 pekee, na ikichomekwa moja kwa moja ukutani huungua. Linalotakiwa ni bandiko lenye 100–240. Televisheni ya chogo ya zamani isifunguliwe na asiye fundi, kwa kuwa ndani yake hubaki umeme wa nguvu kubwa hata baada ya kuchomolewa.

Macho huchokaje?

Wengi huamini kwamba kukaa karibu na televisheni humpofusha mtu. Kwa mtu mzima hakuna ushahidi wa hilo. Linalotokea ni uchovu. Kwa kawaida mtu hupepesa kope takriban mara 15 kwa dakika, na akikazia macho kwenye kioo idadi hiyo hushuka sana. Machozi hukauka, jicho huwasha, huwa jekundu, na wakati mwingine hutoa machozi mengi kwa kulipiza ukavu. Misuli inayolenga picha ya karibu nayo huchoka, na kichwa huuma.

Tiba yake haina gharama. Kila baada ya dakika 20 mtazamaji aangalie kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20. Chumba kikiwa kidogo, dirisha linatosha. Ukingo wa juu wa kioo uwe usawa wa macho au chini yake kidogo. Kioo kisielekezwe dirishani wala kisiwekwe mbele ya dirisha, na usiku taa ya chumba isizimwe kabisa. Miwani inayouzwa kwa madai ya kuzuia mwanga wa buluu haihitajiki: mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2023 yalionyesha kwamba huenda haipunguzi uchovu wa macho katika muda mfupi.

Ipo hatari kubwa kuliko kioo chenyewe, nayo ni dawa za matone zinazonunuliwa bila kupimwa. Matone ya kuua bakteria hayatibu uchovu. Matone yenye steroidi hupunguza wekundu haraka na kumfurahisha mgonjwa, lakini yakitumiwa kwa wiki nyingi bila uangalizi huweza kupandisha shinikizo ndani ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Uoni unaopotea kwa shinikizo la jicho haurudi.

Usingizi na gemu ya mwisho

Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi kila usiku. Mwanga mkali wa usiku huchelewesha melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala. Hata hivyo, mwanga wa televisheni iliyo mita 2 mbali unaweza kuwa hafifu machoni kuliko wa simu iliyoshikwa sentimita 30 kutoka usoni. Kinachomwibia mchezaji usingizi zaidi ni msisimko: moyo hudunda, na kila anayefungwa hudai gemu moja ya mwisho. Saa 4 usiku huwa saa 7, na kipindi cha asubuhi hubaki kwenye ratiba tu.

Kwa vyumba vya watu wawili, makubaliano hufaa kufanywa kabla ya kununua: kioo kizimwe saa moja kabla ya wa kwanza kulala. Vipokea sauti vya masikioni humpa mwenzake utulivu, lakini navyo vina kipimo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba sauti ya desibeli 80 isisikilizwe zaidi ya saa 40 kwa wiki. Shirika hilo pia limeutambua uraibu wa michezo ya kielektroniki kuwa ugonjwa, katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya mambo mengine, na kuendelea kucheza licha ya madhara, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi. Kucheza sana wiki ya likizo pekee si ugonjwa.

Chandarua kwanza, kioo baadaye

Kanda ya Ziwa ina maambukizi ya malaria, na mbu aina ya Anopheles huuma hasa usiku. Chandarua chenye dawa humlinda aliye ndani yake. Mwanafunzi aliyekaa kwenye mkeka miguu wazi hadi saa 6 usiku akicheza gemu anacho chandarua, lakini hana kinga yake.

Kwa sababu hiyo, mahali pa kioo papangwe baada ya chandarua kufungwa. Kioo kiwekwe mkabala na kitanda ili kutazama kuwezekane kutoka ndani ya chandarua. Picha itafifia kidogo, na hiyo ni sababu nyingine ya kupendelea inchi 32 kwa umbali wa mita 2. Anayelazimika kukaa nje avae suruali ndefu na soksi, na madirisha yawe na wavu. Chandarua kisigusane na ekstensheni wala balbu yenye joto, kwani kitambaa chake hushika moto.

Mwanga unaomweka, radi na kuanguka

Sehemu ndogo ya watu wenye kifafa, takriban 3 kati ya 100, hupata degedege kwa mwanga unaomwekamweka, hasa mara 3 hadi 30 kwa sekunde. Mwezi Desemba 1997 nchini Japani, mamia ya watoto walipelekwa hospitalini baada ya kutazama kipindi kimoja cha katuni chenye mimweko ya namna hiyo. Kwa mwenye tatizo hili, kioo kidogo kinachotazamwa kutoka mbali katika chumba chenye taa ni salama zaidi. Mimweko ikianza, azibe jicho moja kwa kiganja na ageuze uso. Akianguka, alazwe ubavu, asikandamizwe wala kutiwa kijiko mdomoni. Degedege likizidi dakika 5, apelekwe hospitali.

Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo ya dunia yenye ngurumo nyingi za radi. Wingu linapotanda juu ya ziwa, televisheni ichomolewe ukutani pamoja na waya wa antena au dishi, na ichomolewe kabla radi haijakaribia. Kifaa cha kulinda umeme usio thabiti husaidia umeme unapokatika na kurudi kwa nguvu, lakini hakizuii radi. Ekstensheni moja isibebe televisheni, pasi na jiko la umeme kwa pamoja. Kioo kisimame juu ya meza pana au kifungwe ukutani, hasa katika nyumba yenye watoto wa mwenye nyumba.

Kwa mtoa huduma wa afya

Kijana anapofika kituoni akilalamika kichwa kuuma na macho kuwasha, maswali manne humsaidia mtoa huduma: anatumia kioo cha ukubwa gani, kwa umbali gani, hadi saa ngapi, na ameshatia dawa gani machoni. Kisha uoni upimwe kwa chati, jicho moja moja. Anayesogelea televisheni kila mara huenda haoni mbali na anahitaji miwani tu. Jicho jekundu lenye maumivu makali, kuogopa mwanga au uoni kupungua ghafla si uchovu wa kioo. Mgonjwa huyo apewe rufaa siku hiyohiyo.

Kwa mnunuzi, muhtasari ni huu:

1. Funga chandarua, kisha pima umbali kutoka machoni hadi mahali pa kioo.
2. Mita 1: inchi 24 zenye nukta 1920 kwa 1080. Mita 2: inchi 32.
3. Kagua volti na matundu ya HDMI.
4. Kubaliana na mwenzako saa ya kuzima.
5. Usitie dawa machoni kabla ya kupimwa.